Kifundo cha mguu kinachogoma kupona: mwongozo wa mkimbiaji wa masafa marefu

Mwongozo huu si wa mtu aliyeteguka jana. Wa jana ana uvimbe, anachechemea, na nyumbani kila mtu anamhurumia. Ninamwandikia yule ambaye uvimbe ulikwisha zamani na anatembea vizuri, ila akifika kilomita ya sita kifundo kinaanza kunung'unika, ya tisa kinasema waziwazi, na kesho yake asubuhi anashuka ngazi kiupandeupande kama kaa. Si mgonjwa wa kulala kitandani, wala si mzima wa kukimbia. Huruma za watu zimekwisha, maumivu hayajakwisha.

Kifundo changu cha kulia kilikaa katika hali hiyo muda mrefu. Kilianza kwa mteguko wa kawaida kabisa: shimo dogo lililofunikwa na majani, wayo ukageukia ndani, nikasikia kitu kinavutika upande wa nje. Kazi yangu ni ya kusimama darasani mchana kutwa, na mbio zangu ni ndefu na za polepole, nusu marathoni na marathoni. Ninayoyaeleza hapa nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, nikayafanya, na mengine ninayafanya hadi leo. Kubwa alilonifundisha ni kwamba kifundo cha namna hii hakiulizwi wakati unakimbia. Kinaulizwa kesho yake asubuhi. Mwili ukishapata moto kifundo hukubali kila unachokiambia; jibu la kweli hulitoa pale unapoteremsha mguu kutoka kitandani.

Kwanza ujue unauguza nini

"Kifundo kinauma" ni malalamiko tu, haijawa habari. Kaa chini, pandisha mguu wenye shida juu ya goti la pili, chukua ncha ya kidole kimoja ubonyeze taratibu, sehemu moja baada ya nyingine. Usitumie kiganja, kwa sababu kiganja kinachanganya mambo. Kisha fanya vilevile kwa mguu usio na shida, maana zipo sehemu zinazouma kwa kila binadamu zikibonyezwa, na bila kulinganisha utajitia hofu bure.

Ukiumia mbele kidogo na chini ya jicho la mguu la nje, hapo ndipo ilipo ligamenti ambayo kwa kawaida huwa ya kwanza kuumia wayo unapogeukia ndani. Ligamenti ni nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mwenye maumivu hapa ndiye ninayezungumza naye zaidi.

Nyuma ya jicho hilohilo la nje hupita kano mbili (nyuzi zinazofunga msuli kwenye mfupa) za misuli ya peronea, misuli inayoshuka ubavuni mwa mguu na kazi yake ni kuuzuia wayo usigeukie ndani. Wayo ukigeuka ghafla, misuli hiyo hujaribu kuuokoa, na mara nyingine kano zake huumia katika jaribio hilo. Mazoezi nitakayoyataja yanafaa hapa pia, ila anza na mzigo mdogo zaidi. Ukiona kano inaruka kutoka mahali pake unapozungusha mguu, hiyo ni ya kumwona mtaalamu kabla ya zoezi lolote.

Juu ya kifundo, kwa mbele, kati ya mifupa miwili ya mguu: huo ni mteguko wa juu. Mara nyingi hutokea wayo ukipindishiwa nje, na huchukua muda mrefu kuliko huu wetu wa kawaida. Mwenye nao asiwe na haraka ya kurukaruka.

Kuna sehemu mbili ambazo zikikuuma unaacha kukimbia leo hii na kutafuta daktari. Ya kwanza ni juu ya wayo, mbele ya kifundo kuelekea upande wa ndani, ulipo mfupa wa navikula. Mfupa huu hupata ufa wa uchovu kwa watu wanaokimbia sana, na picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haiuonyeshi. Ukiukimbilia ufa huo, wiki chache za kutoukanyagia mguu zinageuka kuwa jambo la upasuaji. Ya pili ni ndani kabisa ya kiungo, mahali ambapo kidole hakifiki: unasikia kitu kinakwama, kinabofya, au kiungo kinajifunga kisha kinajifungua. Huenda gegedu, lile tabaka nyororo linalofunika mfupa wa talasi ulio ndani ya kifundo, lilipata jeraha siku ile ya kuteguka. Hilo haliondoki kwa mazoezi peke yake.

Tena, kama siku ulipoumia hukupigwa picha, kumbuka ilikuwaje. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni ambazo hadi sasa hutumika kuamua nani apigwe eksirei. Anayepelekwa ni yule asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia ukibonyeza mfupa wenyewe kwenye ukingo wa nyuma wa jicho lolote la mguu, kuanzia nchani hadi sentimita 6 kupanda juu, au kwenye nundu ya mfupa iliyo katikati ya ubavu wa nje wa wayo, au kwenye navikula. Kanuni hizo ni za jeraha bichi. Lakini kama wewe siku ile ulishindwa hatua nne na hakuna aliyekuangalia, hujachelewa kuomba picha.

Kwa nini hakiishi

Watu wengi hudhani kifundo kinachosumbua kwa miezi bado "hakijapumzika vya kutosha". Kwa jinsi ninavyoona, mara nyingi shida ni kinyume chake: kimepumzika hadi kimesahau kazi.

Ligamenti iliyochanika huunga kwa wiki kadhaa, kisha huendelea kujipanga upya kwa miezi, hata mwaka. Nyuzi zake hupangika vizuri zikipewa mzigo wa kiasi. Zikiachwa bila kazi hupangika ovyo. Wakati huohuo misuli iliyokuwa ikichechemea imenywea, na kiungo kimekakamaa kiasi kwamba goti haliwezi kwenda mbele ya vidole kama zamani. Kisha liko jambo la tatu, ambalo wakimbiaji hulidharau. Mwaka 1965 daktari Mwingereza aitwaye Freeman alieleza kwamba ligamenti si kamba tu, zina mishipa ya fahamu inayouambia ubongo wayo umekaaje. Zikichanika, taarifa zinachelewa. Ndiyo maana unaweza kuwa na kifundo kisichouma kabisa ambacho bado kinakuangusha kwenye kokoto moja. Tangu hapo mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja yamekuwa sehemu ya tiba.

Sisi wa masafa marefu tuna sababu yetu ya ziada. Nikikimbia polepole, hatua zangu ni kama 170 kwa dakika. Kwa saa moja hizo ni zaidi ya 10,000, maana yake kila mguu unatua zaidi ya mara 5,000, na kila unapotua unapokea mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mchezaji wa mpira anahitaji kifundo chenye nguvu ya kukata kona. Mimi nahitaji kifundo kisichochoka. Kifundo changu hakikuwa na shida kwenye kilomita tatu. Shida ilikuja misuli ya ubavuni ilipochoka na kuiachia ligamenti mzigo wote. Mazoezi ya kawaida ya wagonjwa wa kuteguka hukufikisha kwenye kutembea na kukimbilia basi. Kwa mkimbiaji huo ni mwanzo tu.

Na barafu? Daktari Mmarekani Gabe Mirkin ndiye aliyetunga mwaka 1978 ile kanuni maarufu ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona. Mimi siichukii barafu. Inatuliza, na mtu akiumwa usiku anahitaji usingizi. Ila kwa kifundo cha miezi kadhaa haiponyi kitu, na dakika 20 za kukaa na mfuko wa barafu zingetosha kumaliza mazoezi yote nitakayoyaeleza.

Kipimo cha asubuhi

Chukua daftari lolote. Kila asubuhi kabla ya chai jibu maswali matatu, uandike.

Hatua ya kwanza kutoka kitandani inauma kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10? Unashuka ngazi ukiangalia mbele, mguu mmoja baada ya mwingine, bila kushika ukuta? Kama kwako hakuna ngazi, panda kwenye kigoda imara ushuke taratibu kwa mguu mzima ukitangulia, ili ule wenye shida ndio ubaki juu ukikunja. Swali la tatu ni la ukutani. Simama uso ukielekea ukuta, wayo umelala wote chini, kisha peleka goti mbele hadi liguse ukuta bila kisigino kuinuka hata kidogo. Ukiweza, sogeza wayo nyuma kidogo ujaribu tena. Umbali wa mwisho kati ya kidole gumba na ukuta ambao goti bado linagusa ndio kipimo chako. Mimi nilibandika kipande cha plasta sakafuni, nikakichora mistari kwa rula, nikaacha penseli hapo hapo.

Wengi wenye vifundo vizima hufika sentimita 10 au zaidi, ila usishindane na watu. Shindana na mguu wako wa pili. Tofauti ya sentimita mbili baina ya miguu ni kazi ya kufanya. Kipimo hiki kina faida nyingine niliyokuja kuipenda sana: kiungo kikivimba kwa ndani, uvimbe usioonekana kwa macho, goti hukwama mapema. Asubuhi plasta yangu ikionyesha nimepungua sentimita nzima kuliko jana, najua mbio za jana zilikuwa nyingi, hata kama siumwi.

Kanuni yenyewe ni hii. Wakati wa zoezi au mbio, maumivu yasizidi 3 kati ya 10. Wapo wataalamu wanaoruhusu hadi 5. Mimi naishia 3 kwa sababu najijua, nikiwa na raha ya kukimbia 5 yangu ni 7 ya mtu mwingine. Kesho yake asubuhi hali iwe imerudi ilivyokuwa. Ikirudi, mzigo ule unaurudia au kuuongeza kidogo. Isiporudi, siku hiyo hukimbii, na mara inayofuata unapunguza. Maumivu yanayopanda hatua kwa hatua ndani ya mbio moja, au yanayobadilisha namna unavyokanyaga, yanamaliza mbio hapo hapo, hata ukiwa mbali na nyumbani. Tembea urudi.

Na uhesabu kila mzigo, si mbio peke yake. Siku zangu za vipindi vingi darasani kifundo kilikuwa kibaya zaidi kuliko siku za kukimbia nusu saa. Nilipoanza kuandika "nimesimama sana", daftari likaanza kueleweka.

Mazoezi: machache, ila kwa ukali

Ukitafuta utakutana na mazoezi mengi sana ya kifundo. Mimi nimebaki na manne, na naamini manne yanayofanyika yanashinda kumi na mawili yaliyoandikwa.

La kwanza ni lilelile goti ukutani. Kipimo chako ndicho zoezi lako. Peleka goti likaguse, rudi, mara 15, kwa seti tatu. Goti lielekee juu ya kidole cha pili au cha tatu, lisiangukie ndani. Likiangukia ndani unadanganya kipimo. Unatakiwa usikie mvuto nyuma ya mguu. Ukisikia kubanwa mbele ya kiungo, kama kuna kitu kimefinywa katikati, usilazimishe: rudi umbali mdogo, na ikiendelea hivyo mwambie mtaalamu.

La pili ni kuinua visigino, na hapa sina huruma. Simama kwa mguu mmoja pembezoni mwa ngazi, vidole na ile sehemu nene iliyo nyuma yake juu ya ngazi, kisigino kikining'inia. Panda hadi juu kabisa kwa sekunde mbili, tulia kidogo, shuka kwa sekunde tatu. Shika ukuta kwa ncha za vidole kwa ajili ya mizani tu, si kwa kujinyanyulia. Sasa jitazame kwenye kioo, au mwombe mtu akutazame kwa nyuma. Marudio ya mwanzo huwa mazuri. Yakifika ya kumi na kitu, tazama kisigino: kinaanza kuyumba kuelekea nje, uzito unahama kutoka kidole gumba kwenda kidole kidogo, na mwili unapanda nusu njia badala ya juu kabisa. Huko kuhama kwenda kidole kidogo ndiko kunakotokea kwenye kilomita ya tisa, ila kwenye mbio hukuoni. Marudio yanayohesabiwa ni yale ambayo kidole gumba bado kinasukuma. Kikiinuka, seti imekwisha, haidhuru umefika nane au kumi na nane. Lengo ni 20 hadi 25 safi kwa kila mguu, na tofauti ndogo baina ya miguu. Ukifika, vaa begi lenye vitabu. Begi langu la daftari za wanafunzi limepata kazi ya pili.

Fanya pia lile la goti lililokunjwa kidogo, mkao uleule, goti likibaki limekunjwa muda wote. Hilo linalenga soleasi, msuli ulio chini ya ule mkubwa wa shavu la mguu, ambao katika kukimbia hubeba mara kadhaa ya uzito wa mwili. Wakimbiaji wengi wa polepole wana soleasi dhaifu na hawajui, kwa sababu haiumi. Inachoka tu na kukabidhi kazi kwa wengine. Seti tatu, siku moja ndiyo moja hapana.

La tatu ni utepe wa mpira unaovutika, kwa misuli ya ubavuni. Kaa, nyoosha mguu, zungusha mpira mbele ya wayo na uufunge kwenye mguu wa meza upande wa ndani, kisha sukuma wayo kwenda nje na urudi polepole, mara 15. Kurudi ndiko kwenye faida, usiachie mpira ukurudishe wenyewe. Goti lisizunguke, likizunguka, nyonga ndiyo inayofanya kazi. Hili halina mengi zaidi ya hayo. Linachosha akili kuliko mguu.

La nne ni kusimama kwa mguu mmoja, na ndilo lililonibadilishia mambo. Anza peku, kwenye sakafu ngumu, macho wazi. Wayo uwe na nguzo tatu: kisigino, shina la kidole gumba, shina la kidole kidogo. Zote tatu zikae chini. Utaona kano zinacheza juu ya wayo kama zimepagawa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, ziache zicheze. Ukifika nusu dakika bila kugusa chini, funga macho. Wengi hapo huporomoka ndani ya sekunde chache, na tofauti ya mguu ulioumia na mzima huonekana waziwazi. Ukiweza nusu dakika macho yakiwa yamefumba, simama juu ya mto, au baki umefungua macho huku mguu wa pili ukinyooka kugusa mbele, pembeni na nyuma, mbali kadiri unavyoweza bila kuegemea.

Nililifunga zoezi hili kwenye kupiga mswaki. Mguu wa kushoto meno ya juu, wa kulia meno ya chini. Halihitaji muda mwingine na huwezi kusema umesahau.

Kisha, na hili ndilo linalomhusu mkimbiaji wa masafa, lihamishie sehemu yake baada ya mbio. Ukirudi umechoka, kabla ya kuvua raba, simama kwa mguu ulioumia kwa dakika moja. Unakifundisha kifundo kutulia katika hali ambayo kitahitaji kutulia. Mizani ya asubuhi baada ya usingizi haikuambii chochote juu ya kilomita ya 30.

Pumzi isipotee

Wakati mbio zimepungua, moyo na mapafu havina kosa. Baiskeli ni rahisi kuliko zote. Kama kukanyaga kwa ncha ya wayo kunauma, sogeza kanyagio hadi katikati ya wayo, kifundo kitapata nafuu mara moja. Kukimbia ndani ya maji marefu, ukiwa na mkanda wa kuelea na miguu isiguse chini, ndiko kunakofanana na mbio zaidi, japo kunachosha roho kwa sababu huendi popote. Gawanya katika vipande: dakika tatu kwa nguvu, moja taratibu. Ukiogelea, angalia teke la chura, maana linapindisha wayo na baadhi ya vifundo havilipendi.

Kurudi barabarani

Ruhusa ya kukimbia haitolewi na kalenda. Inatolewa na haya: umetembea kwa kasi dakika 45 na asubuhi yake daftari halijalalamika, unainua kisigino mara 20 safi kwa mguu mmoja, umeruka hapo ulipo kwa mguu ulioumia mara 20 na hukuwa na hofu. Hofu ni taarifa. Mguu ukisita kabla ya kutua, ubongo bado hauuamini, na mwili usioamini mguu hukanyaga vibaya.

Anza kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, mara nane hadi kumi. Siku inayofuata hukimbii, unasoma jibu. Jibu likiwa zuri, kimbia mbili kwa kutembea moja, kisha tatu kwa moja, tano kwa moja, kumi kwa moja, kila ngazi uirudie walau mara mbili kabla ya kupanda. Daftari likikataa, shuka ngazi moja, si kurudi mwanzo. Ukifika nusu saa mfululizo bila manung'uniko, ongeza kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Umbali kwanza, kisha siku za wiki, kisha kasi, kisha vilima, na njia zenye mizizi na mawe ziwe za mwisho kabisa. Mbio ndefu ya wiki ndiyo ya kuongeza kwa uchoyo kuliko zote, kwa sababu ndiyo yenye uchovu.

Angalia mteremko wa barabara kutoka katikati kwenda pembeni. Barabara nyingi za lami zimeinama ili maji yatoke. Ukikimbia ukingoni, mguu ulio upande wa chini unakaa umegeukia ndani kidogo, na huo ndio mkao uliokuumiza. Mara elfu tano kwa saa. Kimbia mahali palipo bapa, au hakikisha mguu ulioumia ndio ulio upande wa juu, na kama magari yanafanya hilo kuwa hatari, chagua njia nyingine kabisa. Uwanja wa nyasi unaopendekezwa na kila mtu kwa kuwa "laini" mimi siupendi mwanzoni: laini ni kweli, lakini una mashimo usiyoyaona. Lami bapa au udongo ulioshindiliwa unatabirika. Uwanja wa kukimbilia nao ni mzuri, ila zunguka pande zote mbili, kona za upande mmoja zinachosha mguu mmoja.

Fupisha hatua kidogo. Kuongeza hatua kwa dakika hata kwa asilimia 5 kunapunguza nguvu ya kila kutua, na mguu unatua chini ya mwili badala ya mbele yake. Unaposhuka kilima fanya hivyo zaidi.

Raba, plasta na vidonge

Geuza raba zako uangalie soli. Ukingo wa nje wa kisigino ukiwa umelika kwa mshazari, weka raba mezani uitazame kwa nyuma: kama inainamia nje, inakusukuma kule kule usikotaka kwenda. Itupe. Raba nene sana na laini hustarehesha, lakini kifundo chenye mashaka huyumba juu yake. Funga kamba hadi tundu la mwisho, kisigino kisicheze.

Kifundo kikishateguka, plasta ngumu ya kubandika au kifunga-kifundo chenye kamba hupunguza nafasi ya kuteguka tena. Plasta hulegea baada ya muda mfupi wa kukimbia na kutoka jasho, kwa hiyo kwa mbio ndefu napendelea kifunga-kifundo. Nakivaa kwenye njia mbovu na kwenye mashindano, sikivai kwenye mbio za kawaida za bapa. Usiogope kwamba kitakudhoofisha ukikivaa siku mbili tatu. Kinachodhoofisha ni kukivaa badala ya kufanya mazoezi.

Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki kabla ya kukimbia: hapana. Vinafuta kipimo chetu chote, na katika mbio ndefu, mwili ukiwa umepungukiwa maji, vinaweza kuumiza figo. Kama huwezi kumaliza mbio bila kidonge, mbio hiyo si ya wiki hii.

Siku ya mashindano, na baada yake

Usijiandikishe mashindano kabla ya kufanya mbio ndefu mbili au tatu zilizopata jibu zuri asubuhi. Siku yenyewe, hatari haipo mwanzoni ulipo makini. Ipo theluthi ya mwisho, kwenye vituo vya maji palipotapakaa vikombe na chupa, na kwenye ukingo wa barabara unapompisha mtu. Punguza mwendo vituoni, tazama chini, chukua maji kwenye meza ya mwisho ambako watu ni wachache. Baada ya mstari wa mwisho usikae papo hapo. Tembea dakika kumi kwanza.

Ukiwa umefanya mazoezi haya kwa uaminifu kwa miezi mitatu na daftari halionyeshi mabadiliko yoyote, au kifundo kinakuachia ghafla bila hata kokoto, rudi kwa daktari ukiwa na daftari hilo mkononi. Mwonyeshe kwa kidole panapouma, mwambie lini panauma na nini kinazidisha maumivu, na umuulize kama ni wakati wa kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kuangalia gegedu, kano za peronea na mifupa. Daktari akiwa na kurasa za asubuhi za miezi mitatu anaweza kuuliza maswali ambayo "kinauma tu, daktari" hayawezi kumfikisha.

Na kikipona, visigino na mguu mmoja viendelee mara mbili kwa wiki, mswaki kila siku.